Bihogo Amezaa

Siku moja ya soko pale Mushaki haijatoka kichwani mwangu, mwanangu, na kila ukiweka karatasi zako mbele yangu inanichoma upya. Leo tena umeniletea maneno ya watu uliowaandikia, umeyapamba mpaka wenyewe hawatayajua. Nikikuuliza, unajibu, "Papa, nimeyatengeneza." Umetengeneza nini? Keti.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule nilisoma miaka minne tu, lakini pale barabarani nani aliandika kama mimi? Herufi zangu zilisimama kama askari. Meza nilichonga mwenyewe, na watu walitoka mpaka Bihambwe kuja kuandikiwa barua. Hata karani mwenye diploma aliniomba maneno. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Akaja Papa Ruhara, mzee mfugaji, apeleke salamu kwa jamaa zake wa Walikale. "Andika: tuko wazima. Bihogo amezaa, mutoto iko muzuri. Mukuje muone."

Basi? Maneno makavu hivyo, yatoke kwenye mkono wangu? Nikaandika: "Binti yetu mpendwa Bihogo, kwa neema ya Mungu, amejifungua salama mtoto mzuri sana." Sikumuuliza. Muntu wa sifa kama zangu anauliza? Nikaikunja, nikampa dereva wa lori.

Kumbe wale jamaa walikuwa wakwe. Kijana wao alikuwa amemchumbia Veronika, binti wa pekee wa mzee, na harusi bado. Waliposoma, walidhani Bihogo ni jina lake la nyumbani. Wakapanda mpaka Mushaki wakiwa wamevimba, wavunje uchumba. Veronika akalia siku mbili, asijue kosa lake.

Soko likiwa limejaa, mzee akawaleta wote mbele ya meza yangu. "Soma," akaniambia. Nikasoma kwa sauti yangu ile nzuri. Wauza maziwa wakaanza kucheka kabla sijamaliza.

"Bihogo njo ng'ombe yangu," mzee akasema.

Nikajitetea: sisi kwetu ni watu wa maharagwe na muhogo; majina ya ng'ombe ningeyajulia wapi?

"Kuuliza ni bure, kijana," mzee akanijibu. " Nilikuomba mukono. Kinywa niko nacho."

Mjomba wa mchumba wa Veronika akashika kiuno. "Sisi tumeleta hasira toka Walikale kwa sababu ya ndama?"

Mzee hakucheka. Alinisimamisha pale nifute neno moja moja, nikimsomea kila mara, mpaka yakabaki yale yake machache. Akasema, "Sasa njo mimi nasema." Ndoa ikafungwa, ingawa Veronika mpaka leo akinikuta njiani hutazama majani, si uso wangu. Nami siku ile njo nilijua kazi yangu. Kuandika wengi wanaweza. Kufuta na kumsomea mwenye neno, hapo ndipo wanaponikuta mimi peke yangu.

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Usimvalishe muntu maneno yako ukasema ni yake. Usilolijua, uliza, hata kama una diploma tatu. Ukimaliza, msomee mwenyewe, na akikunja uso, futa bila kununa.

Haya, chukua karatasi zako. Mungu akupe sikio kubwa kuliko kalamu, na mkono usioona haya kufuta. Kila neno litakalopita kwako limfikie anayelingoja likiwa zima.