Tai Shingoni, Gunia Begani

Likizo hii nilipata mafunzo ya kazi katika ofisi ya mauzo ya kiwanda cha unga, Thika. Niliapa sitajiaibisha. Siku ya kwanza nilitoka Ruiru alfajiri nimevaa tai ya baba, nikakuta foleni kwenye geti. Nikadhani sote ni wanafunzi, nikajipanga.

Msimamizi alinikagua. "Wewe wa tai, utaweza?"

"Nitaweza, boss."

Akanipeleka stoo kupakia magunia kwenye lori. Mhadhiri wetu alishatuonya tusichague kazi, kwa hivyo sikuuliza kitu. Nilijiambia biashara inaanzia chini, nikabeba mpaka saa sita, mweupe kwa unga hadi kope.

Ndipo meneja wa mauzo akaingia amekasirika. "Yule mwanafunzi wa chuo hajafika mpaka saa hii. Akikuja, mwambieni arudi kwao. Vijana siku hizi hawapendi kazi."

"Angemwona huyu kibarua wangu mpya," msimamizi akasema, akinishika bega. "Tangu asubuhi hajapumzika."

Meneja akanigeukia. "Unaitwa nani, kijana?"

Nikatua gunia, nikanyoosha tai, nikamkabidhi barua ya chuo, imelowa jasho.