Mishipa ya Upande wa Kulia

Hospitalini walimpachika jina la Bi Polepole. Hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake, ingawa mwenyewe alilijua na wala halikumkera. Alikuwa daktari mpasuaji wa kuunda upya nyuso zilizoharibika, mwanamke mfupi mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, asiyependa maneno mengi.

Jumanne moja asubuhi aliingia kwake fundi seremala, mkewe nyuma yake. Miaka miwili kabla, fundi huyo alikatwa taya la kushoto kwa sababu ya uvimbe, kisha shingo ikapigwa mionzi upande huohuo. Uvimbe haukurudi, lakini uso ulibonyea, maneno yakawa mazito mdomoni, na tangu hapo hakutafuna kitu. Alikunywa maziwa na supu kwa mrija.

Daktari alivuta kiti, akamwekea vidole shingoni, akafumba macho. Kushoto ngozi ilikuwa ngumu kama ya kiatu, na mapigo yalisikika kwa mbali. Kulia yalimrukia vidoleni.

"Mfupa tutautoa mguuni," alisema. "Kuupata si shida. Shida ni kuulisha. Unataka mshipa wa kuuletea damu na mwingine wa kuirudisha, na yote miwili niiunge na ya shingoni mwako. Ya kushoto iko jirani, lakini mionzi imeichosha. Ya kulia ni mizima, ila iko mbali."

Fundi alisema kitu. Mkewe akatafsiri: "Anauliza kama atapona au atakufa."

"Mama watoto, sikuuliza hivyo!" fundi alijikakamua. "Nimesema ubao uliooza haushiki msumari."

Daktari akacheka kidogo, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Sina ahadi, mzee wangu. Damu isipofika, mfupa utakufa na nitalazimika kuutoa. Ilishanitokea."

Ilimtokea kweli. Zamani, kwa mama mmoja mwenye watoto wadogo, aliunga mshipa wa karibu kwa kuwa kazi ilikuwa imechukua muda mrefu mno na wote walikuwa hoi. Siku ya tatu nyama aliyoihamisha iligeuka nyeusi. Aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kumweleza mume wa yule mama, na wenzake walipomwambia ni bahati mbaya, alitikisa kichwa.

Siku ya upasuaji wa fundi, daktari alikata mfupa kutoka chini zaidi mguuni ili mishipa yake ibaki mirefu. Shingoni, daktari msaidizi, bwana hodari mwenye haraka zake, alikuwa ameshapata mshipa wa kushoto.

"Huu hapa, dada. Unadunda, na unafika bila hata kuvutwa."

Bi Polepole aliukata, akaachia kibanio. Damu haikuruka, ilidondoka tone baada ya tone. Akausogeza chini ya hadubini. Ukuta wa ndani ulikuwa unabanduka kama rangi ya zamani.

"Ufunge. Tunahamia kulia."

"Itatuongezea saa tatu!"

"Basi tutasimama saa tatu."

Walipasua upande wa kulia, wakatoboa njia chini ya ngozi ya kidevu. Mshipa wa kuleta damu ulifika. Wa kuirudisha haukufika, ulipungua kwa upana wa vidole viwili. Daktari aliomba mguu wa pili uandaliwe, akachukua kipande cha mshipa, akakagua mara mbili vali zake, vilango vya ndani vinavyopitisha damu upande mmoja tu, zinaelekea wapi, kisha akakishona katikati kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Muuguzi alimfuta jasho bila kuombwa.

Vibanio vilipotolewa, walingoja. Ngozi iliyohamishwa pamoja na mfupa ilibaki baridi na imefifia. Dakika zikapita. Msaidizi alianza kuangalia viatu vyake. Kisha ukingo wa ngozi ile ukatoa damu, nyekundu, mbichi.

"Samahani, dada," msaidizi alinong'ona.

"Shona," alijibu, akamsogezea uzi.

Kwa siku tano daktari aliichoma ngozi ile kwa sindano asubuhi, mchana na jioni, akitazama rangi ya damu. Kipande kidogo cha ngozi kilikufa pembeni wakakikata. Mfupa uliishi. Mdomo ulibaki umelegea kushoto, na mguu ukamfanya achechemee kwa miezi kadhaa.

Wiki ya nane daktari alimruhusu ajaribu chakula laini. Mkewe alimenya ndizi mbivu, akamkatia kipande. Fundi alikitafuna kwa muda mrefu, mate yakimchuruzika kidevuni, bila kujali nani anamwona. Alipomeza, akanyoosha mkono kutaka kingine. Mkewe alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika, kwa hiyo daktari ndiye aliyechukua kisu akamkatia.