Pampu ya Waruguru

Kalimoni nzima inajua kwamba Waruguru hamnyimi mtu chombo. Sufuria zake kubwa zimepikia harusi na matanga ya watu asiokuwa na undugu nao, toroli yake haijui hata mwenyewe ni nani, na pampu yake ya kunyunyizia dawa imebebwa na migongo mingi. Tena kuna adabu moja ya zamani huko kwao: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Umeazima kiondo, kirudishe na viazi ndani. Mkono mtupu haulambwi, na anayerudisha chombo kitupu anamwambia mwenyewe asimwazime tena.

Mambo haya yalitokea wakati wa mradi wa mishiri, yale maharagwe membamba yanayovunwa mabichi na kupelekwa Ulaya. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamewajengea wakulima banda la baridi linaloendeshwa kwa nguvu za jua, ili mazao yasinyauke yakingoja lori la kwenda kiwanda cha kupakia kule Ruiru. Sharti lao kubwa lilikuwa dawa. Mishiri ikikaribia kuvunwa hunyunyiziwa maji ya mwarobaini tu, basi. Kabla lori halijaondoka hutolewa sampuli, na sampuli ikionyesha sumu, hafukuzwi mkulima mmoja. Hufukuzwa kikundi kizima, na mitambo ya baridi huhamishiwa Witeithie, ambako wenzao wanaimezea mate. Waruguru ndiye mwenyekiti. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu, hadi mkulima mwenzake Maggie akang'oa mahindi yake yote apande mishiri.

Asubuhi hiyo alikuwa amepeleka mavuno yake bandani na alikuwa akirudi nyumbani kunywa chai. Jirani yake, mzee Gerishon, alikuwa ameegemea jembe kando ya ua.

"Mama Rachael, ile dawa ilikusaidia?"

"Dawa gani, Baba Kang'ethe?"

"Ile ya nyanya. Ilikuwa imebaki kidogo kwa pampu. Nikasema siwezi kurudishia mtu pampu hivyo tupu."

Alitabasamu, mzee wa watu, kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Waruguru alikumbuka yale maji aliyoyakuta ndani ya pampu. Kwa kuwa alikuwa amemwomba Gerishon aisuuze, alidhani ni ya kusuuzia, akaongezea mwarobaini wake juu na kunyunyizia shamba zima. Na mishiri ya shamba hilo sasa ilikuwa bandani, mezani, imemwagwa pamoja na ya wenzake.

Aligeuka akarudi mbio, leso ikimfunguka kiunoni, na njia nzima moyo wake ulikuwa ukibishana wenyewe. Aseme, wafukuzwe wote kwa kosa lake? Anyamaze, na sampuli imuumbue mbele ya watu? Alipita watu bila salamu, jambo ambalo Kalimoni hawalisahau upesi.

Bandani alimkuta Nafuna, afisa wa mradi, binti wa Bungoma mwenye adabu zake, ameshika mfuko mtupu.

"Mama, tulikuwa tunangoja wewe tu. Lori imefika."

Ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo, kwamba sampuli itatolewa na mwenyekiti, ili pasiwe na manung'uniko. Waruguru akaupokea mfuko. Shamba lake liko karibu na mto, na mishiri yake hutoka mirefu kuliko ya wengine. Angeitambua hata akiwa amefumba macho. Mungu amsamehe, mkono wake uliikwepa. Ulipita juu ya ile mirefu, ukachota mifupi ya wenzake, na mfuko ukaanza kujaa. Hakuna aliyeona. Aliona kama pumzi inaanza kumrudia.

Hapo ndipo Maggie, aliyekuwa akichambua upande wa pili wa meza, alipookota mmoja mrefu, akaukata kwa meno kusikia kama unalia. Wanawake wote wa kuchambua hufanya hivyo. Mshiri mbichi ukilia kwenye meno, bado haujakomaa, unafaa, usipolia, umepitiliza.

"Tema, Maggie," Waruguru alisema. "Tema yote."

Mfuko ulikuwa umemponyoka na mishiri kutapakaa sakafuni. Wote walimtazama. Akaeleza yote, hata mkono wake ulivyochagua.

Nafuna aliuokota ule mfuko. "Asante kwa kusema, Mama. Lakini hii lazima niripoti."

Mavuno ya kikundi kizima yalifukiwa nyuma ya banda, hata ng'ombe hawakupewa. Maggie alisukutua mdomo mferejini mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na ingawa hakuumwa hata tumbo, hakumsemesha Waruguru. Zilifuata siku za kungoja jibu, ambazo Waruguru hakuweza kula akashiba. Kila pikipiki iliyopita aliidhani imemleta mtu wa kung'oa mitambo.

Jibu lilipokuja, Nafuna aliwasomea. Kwa kuwa kosa lilisemwa kabla ya lori kuondoka, kikundi kibaki. Ila pampu za mishiri zisiazimwe mtu kamwe. Zifungiwe bandani, na mwenyekiti ashike ufunguo. Watu walipiga makofi, na Maggie akamkumbatia.

Jioni hiyohiyo Gerishon alibisha langoni. Nyanya zake zilikuwa zimeingiliwa na ukungu. Mkononi alikuwa na kiondo cha viazi.

"Nimekujia ile pampu, Mama Rachael. Hii mara nitaosha vizuri."

"Haitoki tena, Baba Kang'ethe," Waruguru alisema, na sauti yake ikamwia ngeni. "Wamekataa."

Mzee alimtazama, kisha akatazama ufunguo uliokuwa shingoni mwake.

"Ni sawa, mama."

Alikiweka kiondo chini, ndani ya lango, akaenda zake mikono nyuma. Msimu ule nyanya zake zilikauka zote.

Viazi vimeshapikwa. Kiondo kimetundikwa jikoni, na Waruguru hajapata cha kukirudishia.