Chetezo cha Mama

Juzi fundi wa hina alinitumia ramani kwenye simu, nikamkumbuka mama. Yeye alipaka hina chumbani kwetu, mtaa wa Al Mansoura, kwenye korido yenye milango inayofanana. Wateja aliwaambia, "Ukipanda ngazi, fuata harufu ya udi."

Alasiri moja tulimsubiri bibi harusi, na mama alikuwa anakohoa. Nilidhani moshi wa udi ndio unamuumiza, nikamwagia chetezo maji alipokuwa akisali. Baadaye nilisikia viatu vikipanda, vikazungukazunguka koridoni, kisha vikashuka. Hina ikakauka bakulini.

"Labda kapata fundi mzuri zaidi," mama alisema, akitazama mikono yake.

Leo najua ningemwambia nini. Siku ile nilimuuliza tu kama kikohozi kimepungua.