Siku Mbili za Kumlilia Muteba

Mama Louise hatazami tamthilia kwa macho tu, huitazama kwa mdomo. Kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwao Manika, huwagombeza makarani na makapita, yaani wanyapara, wa ule mgodi wa zamani wa kwenye televisheni kana kwamba wameingia jikoni mwake na viatu vichafu. Mumewe, Kankolongo, hukaa kando akitabasamu. Aliwahi kuwa mgawa taa mgodini miaka kumi na tisa, na anajua waigizaji wanapokosea.

Jumapili hii hawakukosea. Mgawa taa wa tamthilia alimpa mfanyakazi jeton ya rafiki yake, kile kisahani cha shaba chenye namba ambacho kila mchimbaji hupewa pamoja na taa akishuka na hurudishwa ubaoni akipanda, ashuke kwa jina la rafiki ili huyo rafiki asiyekuwepo asiandikwe mtoro. Mwamba ukaporomoka. Ubaoni namba iliyokosekana ilikuwa ya rafiki, basi msiba ukawekwa nyumbani kwa rafiki. Mgawa taa akafyata ulimi.

"Ule mwanaume hana roho," Louise alisema. "Anajua mwenye alikufa, na anaacha batu banalilia mwingine?"

Kankolongo akakumbuka ya mgodi wao. Mwaka 1983 jirani yao Muteba alipanda treni kwenda Mutshatsha kumzika shangazi yake, bila ruhusa, na Ntambwe, kaka yake Louise, akashuka kwa jeton ya Muteba, mwamba ukamwangukia. Kuchimbua mawe kulichukua siku mbili. Ntambwe aliishi kambi nyingine, hakuna aliyemwulizia. Siku hizo mbili Louise alimpelekea mke wa Muteba bukari, yaani ugali, na samaki, akamfuta machozi, na kila jioni alimshukuru Mungu kwamba kwao ni wazima. Siku ya tatu Muteba akarudi kwa miguu yake, na maiti iliyochimbuliwa ikawa ya Ntambwe. Watu wakasema hao wawili walipeana jeton kwa siri, basi.

"Mama Ngoyi," Kankolongo alimwambia mkewe, "ni mi nilimupatia Ntambwe ile jeton."

Louise akapunguza sauti ya televisheni. "Ulijua ni yeye, tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua. Niliogopa banifukuze ku kazi."

"Na ulikuwa unakula bukari yangu. Siku mbili yote."

"Siku mbili yote."

Louise hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alishuka kwenye kiti, akavua viatu, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu, jinsi wanavyoketi wafiwa, akaanza kumlilia Ntambwe kwa jina. Kankolongo alipomsogelea amshike bega, Louise alimwambia atoke nje, akakae kule wanakokaa wanaume wa msiba. Kankolongo akachukua kiti, akatoka.