Mikono ya Mama na Moshi wa Zebaki

Tulikuwa wakulima wa Susuni mpaka dhahabu ilipotuhamishia Nyamongo. Mama alikuwa mjane na mwimbaji wa kwaya. Hakushuka shimoni. Alinunua mchanga wenye dhahabu, akauosha, akaikamata dhahabu kwa zebaki, kisha akaichoma kwenye kikaango jikoni mpaka zebaki ikaondoka na moshi. Moshi wenyewe haukunuka sana, kwa hiyo hatukuuogopa.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, nilikuwa nafundisha sayansi katika shule ya Bomani. Nikampeleka hospitali. Daktari akasema ni sumu ya zebaki, aache kuchoma. Nilimsihi, akaacha. Baada ya miezi miwili niliona mtetemeko umepungua, ingawa mwenyewe alisema haujapungua.

Jumapili moja mchungaji alimwita mbele, akamwombea, akampa glasi iliyojaa maji. Mama akaiinua na kunywa bila kumwaga hata tone. Kanisa zima lilisimama kwa vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikalia pamoja nao, na machozi yangu yalikuwa ya kweli.

Wiki hiyohiyo akarudisha kikaango jikoni.

"Mama, umepata nafuu kwa sababu uliacha."

"Unataka nisimame kanisani niseme Mungu hakufanya kitu?"

"Hapana. Labda alimtumia yule daktari."

"Basi aliyeniponya atanilinda."

Nilificha kikaango, akanunua kingine. Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza kwa upole, akasema hawezi kumwambia mtu aliyeshuhudia uponyaji wake aanze tena kuogopa.

Kabla ya mavuno mtetemeko ulirudi, safari hii mpaka midomoni. Hakuweza kuimba tena. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, wakamshauri aichunguze imani yake. Walipoondoka aliniuliza taratibu, "Imani yangu ilipungua wapi, mwanangu? Wewe umesoma."

Nilijua jinsi sumu ile inavyofika kwenye ubongo. Alichoniuliza sikukijua. Nilimfunika miguu kwa kanga.

Aliacha kuchoma aliposhindwa hata kushika koleo. Nilimhamishia kwangu, na daktari akaniambia kilichoharibika huenda kisirudi. Asubuhi nilimlisha uji. Kabla ya kijiko cha kwanza alianza sala ya kushukuru, maneno yakamponyoka katikati, akanitazama. Nikayamalizia mimi, naye akafungua kinywa.