Fundi wa Omurushaka na mke mwenza wa dhahabu

Saa mbili asubuhi, Omurushaka. Basi la Bukoba limeshaondoka, wanunuzi wa kahawa wanatandika maturubai, na fundi saa Elpidius Rwezaura hajapata mteja hata mmoja. Hana haraka. Ameketi nyuma ya meza yake ya kioo, lenzi jichoni, anaijaza ufunguo saa ya dhahabu.

Anabonyeza kitufe cha pembeni, mshale mwembamba unaanza kukimbia. Anabonyeza tena, unasimama tuli. Saa za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya kupima mbio za magari, na za dhahabu hazipatikani ovyo.

“Hii ikishaamka, ndipo na mimi nimeamka,” anasema.

Riziki ya Elpidius ni kubadilisha betri na mikanda. Siku ikiwa nzuri anarudi nyumbani na shilingi elfu kumi na tano. Ila moyo wake uko kwenye sanduku la mbao chini ya meza, alimohifadhi saa kuukuu za mbio za magari. Baadhi alizikuta zimekufa makabatini mwa watu, nyingine alipewa badala ya malipo ya ufundi. Mkewe, Vero, anayeuza vitenge kibanda cha pili, anaiita ile ya dhahabu mke mwenzake.

“Kabla hajaniuliza nimeamkaje, huyo ameshasalimiwa,” anasema Vero.

Saa hiyo ilikuwa ya mzee Privatus wa Kimuli, ambaye ujanani alikuwa mshika saa kwenye mashindano ya magari na akaachiwa saa hiyo na tajiri wake. Ilipokufa, akaileta kwa Elpidius. Kazi ilichukua msimu mzima, maana kipuri kimoja ilibidi fundi akichonge mwenyewe.

Alipoirudisha Kimuli, mzee aliiweka sikioni, akatabasamu, akaagiza kahawa za kutafuna, buni kavu ya kumkirimu mgeni. Wakatafuna wote wawili, kisha mzee akamwekea saa kiganjani. Kwa watu wa huku, ulichopewa kwa kahawa ni chako, mradi yupo aliyeshuhudia.

Hapo ndipo Elpidius alipokosea. “Nilipagawa kwa furaha,” anasema. “Nilipaswa kuomba aitwe hata jirani. Mimi nikarukia bodaboda.”

Mfanyabiashara mmoja wa Bukoba alitaka kuinunua kwa bei ya pikipiki mpya, Elpidius akamkatalia. Mwaka jana mzee Privatus akafariki, na ujumbe ukaja kutoka Kimuli. Siku ya kuondoa tanga, mwanawe Dastan angekalishwa kwenye kigoda cha baba na kukabidhiwa alivyoviacha, mkuki na saa. Ukoo uliamini kuwa saa iko kwa fundi kwa matengenezo tu.

Vero alimwambia akajitetee. Elpidius hakuona pa kuanzia, maana aliyempa yuko kaburini. Akaisugua, akaijaza, akaipeleka. Njia nzima alikuwa ameishika mfukoni, na hafichi kwamba aliumia.

Dastan akaketi kigodani, akapokea mkuki, akavishwa saa. Watu wakapiga vigelegele. Elpidius akageuka kutazama migomba, wasimwone macho.

Ndipo mjane wa marehemu, Mama Adventina, akaomba kusema.

“Kahawa ile niliileta mimi,” alisema. “Nilisimama mlangoni nikawaona wakitafuna. Dastan, ivae leo kwa heshima ya baba yako. Jioni mrudishie fundi, ni yake.”

Wakamuuliza kwa nini alikaa kimya siku zote hizo.

“Nilitaka nione kama ataileta,” akajibu.

Jioni Dastan aliivua kwa mkono wake, akaagiza kahawa upya, na safari hii wakatafuna mbele ya ukoo mzima. Elpidius alirudi Omurushaka na saa mkononi na mkungu wa ndizi kwenye bodaboda.

Sasa anapanga kutengeneza kabati la kioo, ili wapita njia nao wazione saa zake. Kila mwaka, siku ya misa ya kumkumbuka mzee, ataipeleka ile ya dhahabu Kimuli ili Dastan aivae. Anatumaini kumpata atakayeipenda kama yeye, amkabidhi akiwa bado hai.

“Nitampa kwa kahawa,” anasema, akiirudisha sandukuni. “Na shahidi atakuwepo.”

“Kahawa nitaleta mimi,” anadakia Vero kutoka kibanda cha pili. “Hata leo.”